Fungu la Mpagazi

Mbwa walianza kufika saa tisa alasiri, mmoja mmoja, na hakuna aliyewaita.

Bernadeta aliwaona alipotoka uani kumwaga maji ya kuoshea vyombo. Wa kwanza alikuwa amekaa kwenye pengo la ua wa mabua, ametazama jikoni. Alipomaliza kumwaga maji walikuwa wanne. Aliporudi na ufagio wa kuwafukuza walikuwa saba. Hawakubweka wala hawakugombana. Walikaa wima, pua zote zimeelekea upande mmoja, kama watu walio kwenye foleni ya unga.

Alisimama na ufagio mkononi. Kwa miaka kumi na tatu hakupata kuona mbwa katika ua ule. Mbwa ana shughuli gani mahali ambapo hapajatupwa mfupa?

Kilabu cha mama yake, Apolinaria, kilijulikana Gongoni nzima, na nusu ya mji wa Tabora, kwa jambo hilo. Wanzuki wa asali ulipatikana kwingine pia. Lakini hapa mtu alipata wanzuki na chakula kisichokuwa na nyama, wala samaki, wala yai, wala tone la samli. Alipata kunde za karanga, uyoga mkavu, mlenda, kisamvu, njugu mawe, na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa vikakatwa vikaanikwa. Walimu walikuja, wafanyakazi wa reli walikuja, wauguzi walipita wakitoka zamu. Hata Bi Zeyana, jirani wa ukoo wa Kiomani ambaye asingekanyaga penye pombe, alipitisha bakuli lake juu ya ua kila Ijumaa apelekewe uyoga. Chakula kisichochinjwa, alisema, hakimlazimu mtu kuuliza kachinja nani. Na mwaka ule wa 1975, nyama ikipatikana kwa waliopanga foleni tangu alfajiri, wateja walisema Mama Apolinaria aliona mbali.

Wote waliamini ni nadhiri. Mumewe, Sylvester, alikufa mwaka wa kwanza wa Uhuru, na mjane akaapa kanisani. Bernadeta aliamini hivyo pia. Wakati ule alikuwa bweni, kwa masista, na alipofika nyumbani baba yake alikuwa amekwisha kuzikwa.

Aliweka ufagio, akarudi ndani. Elieza alikuwa amefika.

"Mwangaluka, wapagazi!" Elieza alisema kwa sauti. Hiyo ni salamu ya asubuhi, na saa ilikuwa inakaribia kumi. Alikosea makusudi kila Jumamosi.

"Karibu, ombaomba," Bernadeta alimjibu. "Mvua imenyesha kwenu, au bado mnalamba mawe?"

"Imenyesha. Ng'ombe wetu hawapiti mlangoni kwa unene. Nyie je? Nimesikia kuna mtu anatafuta migongo ya kubeba meno ya tembo mpaka pwani. Niliwaandikisha nyote."

Watu walicheka. Elieza alikuwa Mgogo wa Manyoni, karani wa mizigo stesheni, na Wagogo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Hawa walipita na mizigo, wale waliwatoza hongo, ushuru wa njia, kwenye visima. Mtani hakasirikiwi. Atakutukana, atachukua kofia yako avae, nawe utacheka. Na siku ukifa atakuja kukuzika, akikutukana mpaka kaburini.

Bernadeta alimpakulia ugali na kunde, akaenda kuchota wanzuki. Aliporudi sahani ilikuwa nyeupe. Elieza aliomba ya pili. Wengine nao waliomba ya pili, na mwalimu mmoja akasema kunde za leo zina mkono wa mtu. Hapo Elieza alipanda juu ya benchi.

"Ndugu wananchi! Kwa miaka mingi mmelishwa majani kama punda. Leo mmekombolewa. Mmekula mbuzi wa Kigogo!"

Alikunjua gazeti lililolowa mafuta, akawaonyesha. Mjomba wake alikuwa amemletea paja kwa treni. Alipoachwa peke yake jikoni, Bernadeta akiwa uani na mbwa na mama yake akichota wanzuki, alilitumbukiza chunguni, limechomwa na kukatwakatwa, na mafuta yake yote.

Kicheko kilichofuata kilisikika mpaka barabarani. Kilikatika Mama Apolinaria alipotoka jikoni. Alikuwa ameshika mwiko. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini na mbili, mnene, anayecheka upesi, na sasa midomo yake haikuwa na rangi.

"Nimeonja mara mbili," alisema taratibu. "Nikadhani ni karanga."

"Mama, ni utani tu," Elieza alisema, bado yuko juu ya benchi.

Bernadeta alimnyang'anya lile gazeti akampiga nalo usoni. "Shuka! Shuka kwenye benchi la watu! Nadhiri ya mama yangu unaifanya mchezo?"

"Dada, mtani hapigwi."

"Leo anapigwa!"

"Mwache," Mama Apolinaria alisema. Hakuwa anawatazama. Alikuwa anatazama ukuta wa nyuma, ule wa udongo wa zamani uliokuwapo kabla ya nyumba. "Tokeni wote. Nendeni nyumbani. Tafadhali."

Nje mbwa waliinuka kwa pamoja. Waliondoka mbio, mikia imefichwa, na hakuna hata mmoja aliyelia.

Kesho yake Mama Apolinaria hakwenda misa. Aliamka na njaa. Alikula ugali wa watu wawili, akauliza kama kuna kiporo. Saa nne alikula matobolwa yote yaliyokuwa kwenye ungo. Bernadeta alifikiri ni huzuni. Jumatatu alikula chakula cha watu wanne na kanga ikamlegea kiunoni. Jumanne pete ya ndoa ilimvuka kidole ikaanguka kwenye chungu.

Jumatano, saa tisa alasiri, jua likiwa kali, Bernadeta alisikia harufu ya ng'ombe anayechomwa mzima. Alizunguka nyumba mara mbili. Hapakuwa na moto kwa jirani yeyote. Alipokaribia ukuta wa nyuma harufu iliongezeka, na ndani ya harufu ile kulikuwa na sauti. Ilikuwa sauti ya vidole vinavyokwangua bakuli tupu. Kra. Kra. Halafu kimya, kama mtu ametia vidole mdomoni. Halafu tena. Kra.

Alikimbilia ndani. Mama yake alikuwa amekaa chini, mgongo ameuegemeza kwenye ukuta huo huo, miguu ameinyoosha. Kwenye mapaja alikuwa ameshika bakuli. Vidole vyake havikuwa vinasogea.

"Mama. Umesikia hiyo sauti?"

"Usiseme kwa nguvu," mama yake alinong'ona. "Akisikia kuna mtu ataomba."

"Nani?"

Mama Apolinaria aliinua uso. Alipozungumza tena, sauti ilikuwa ya mwanamume, na Kinyamwezi chake kilikuwa cha zamani, kile ambacho Bernadeta alikisikia mara ya mwisho kwa babu yake.

"Mmekula," sauti ilisema. "Mmekula tena mbele yangu. Fungu langu liko wapi?"

Hospitali walimlaza siku mbili, wakamtundikia maji. Daktari alisema hana kifua, hana minyoo, hana sukari. Alimpima uzito Alhamisi na Ijumaa, akadhani mizani ni mbovu, akamwita mwenzake. Padre alikuja akamwombea. Mgonjwa alifuatisha sala zote, neno kwa neno, kisha akamwomba padre mkate. Balozi wa nyumba kumi alifika akasema Chama hakina habari na mashetani, na kwa kuwa hakina habari nayo, kilabu kifungwe mpaka yaishe. Jumamosi Bernadeta alimrudisha mama yake nyumbani kwa mkokoteni. Alimnyanyua mwenyewe, kwa mkono mmoja.

Alikuwa na hasira tangu siku ya gazeti, na haikupungua. Alilala nayo, akaamka nayo. Aliwasha jiko kwa hasira, akasonga ugali kwa hasira, akamlisha mama yake huku akimtaja Elieza kwa majina yasiyoandikika.

Jioni hiyo Bi Zeyana alipita mlangoni. Alikuwa na miaka karibu themanini, na haikuwahi kutokea akavuka kizingiti kile. Buibui lake lilivuta vumbi la sakafu. Alimtazama Mama Apolinaria, kisha akamtazama ukuta.

"Shikamoo, bibi," Bernadeta alisema.

"Marahaba, mwanangu. Amekwisha kuomba fungu?"

Bernadeta aliweka chini alichokuwa ameshika. "Unamjua?"

"Ukuta huu aliujenga babu yangu. Hapa palikuwa uwanja wa msafara. Wapagazi walilala hapa kabla ya kushika njia ya pwani." Alikuwa anazungumza chini chini, pua ameiziba kwa upindo wa buibui, maana harufu ilikuwa imeanza. "Mwaka mmoja wa njaa mpagazi aliugua siku ya kuondoka. Usiku ule walichinja ng'ombe. Kila mpagazi alipewa fungu lake. Mnyapara alisema huyu habebi, basi hali. Alikaa pale ukutani na bakuli lake. Walikula mbele yake, watu mia mbili. Asubuhi walifunga mizigo. Alikuwa bado amekaa, bakuli mkononi, amekufa. Wakamsukumia shimo la udongo lile lile walilochimba kujengea ukuta, wakafukia."

"Hao watu mia mbili walikuwa wa kina nani?"

"Wa kwenu. Mwenye msafara alikuwa wa kwetu, walaji walikuwa wa kwenu."

"Na wote walinyamaza?"

"Walikuwa na njaa, mwanangu."

"Na wewe ulinyamaza miaka yote hii! Unapokea uyoga wetu juu ya ua, unajua tumeketi juu ya nini, unanyamaza!"

Bi Zeyana alishusha buibui puani. "Mama yako anajua," alisema. "Muulize jinsi baba yako alivyokufa."

Alfajiri ndiyo saa pekee ambayo mama yake alikuwa mwenyewe. Bernadeta alingoja hadi jogoo wa kwanza, akamkalia mbele, akamuuliza. Mama Apolinaria alilia bila machozi. Mwili haukuwa na maji ya kutosha.

Mwaka wa kwanza, alisema, kilabu kiliuza supu ya mbuzi. Sylvester alianza kukonda. Alikula na kukonda, kwa majuma matatu, mpaka walipomkuta ukutani, bakuli mkononi, uzito wake kama wa mtoto. Mganga kutoka Kaliua aliambiwa, akaja, akalala pale siku mbili. Alisema dawa ni moja. Mtu huyu hakuzikwa, na hakuzikwa kwa sababu hakuwapo mtani wa kumzika. Afukuliwe, na mtani amzike kama watani wanavyozika, kwa matusi na kicheko. Kama hilo haliwezekani, basi iko njia ya pili: pasiliwe kitu ambacho yeye alinyimwa. Asiyeona chakula chake hawezi kudai fungu.

"Ukachagua ya pili," Bernadeta alisema.

"Niliogopa. Kufukua mtu, na serikali ndiyo kwanza mpya. Na njia ya pili ilifaa. Miaka kumi na tatu, Deta."

"Miaka kumi na tatu unaniambia nadhiri! Ningejua, yule mjinga angejua. Jikoni asingebaki peke yake. Baba aliliwa na ukuta, nami nimeegemea ukuta huo huo kila siku nikipanga sahani!"

"Unigombeze nikipona," mama yake alisema. Kulikuwa kunapambazuka na macho yake yalikuwa yanaanza kubadilika. Alimshika binti yake mkono kwa vidole vilivyokuwa mifupa. "Ukimpata mtani, kumbuka kitu kimoja. Mtani akiwa kaburini husema mengi. Akijitolea kitu mbele ya maiti, hata kwa mzaha, mmoja wetu lazima apige kelele, 'Utani huo!' Papo hapo. Maiti hajui mzaha. Asipokatazwa, huchukua."

Bernadeta hakwenda kumtafuta Elieza siku hiyo. Hasira ilimkataza. Badala yake alipanga foleni ya nyama, akapata kilo moja na nusu, akaipika, akaiweka yote kwenye bakuli mbele ya mama yake. "Haya," aliuambia ukuta. "Fungu lako. Kula uondoke."

Ile sauti ilicheka. Mkono wa Mama Apolinaria ulilisukuma bakuli polepole mpaka likamwagika.

"Hilo ni lako wewe," sauti ilisema. "Mimi nataka langu. Lile ambalo mtu alikuwa ale, asile, anipe."

Jumatatu alikwenda stesheni. Elieza alikuwa kwenye jukwaa, amevaa suti ya Jumapili, sanduku la bati miguuni. Alikuwa amejiombea uhamisho wa Manyoni. Treni ya kwenda Dodoma ilikuwa imekwisha kupiga honi ya kwanza. Alipomwona Bernadeta alitazama pembeni.

"Dada, nimesikia mama anaumwa. Pole sana."

"Njoo umzike mtu."

"Amefariki?"

"Bado. Nazungumza juu ya mwingine." Alimweleza kwa maneno machache. Elieza alirudi hatua moja nyuma, kisha ya pili.

"Mimi ni mkristo, dada. Na ule ulikuwa utani. Hata babu zetu walitaniana."

"Babu zetu walitaniana na wakazikana. Wewe umechukua kicheko, kaburi unaniachia mimi?"

"Treni inaondoka."

"Sawa," Bernadeta alisema. Aliinama, akalichukua sanduku la bati, akaliweka kichwani, akaanza kutembea.

"We dada! Sanduku langu!"

"Mtani wangu kanipa mzigo!" Bernadeta alipaza sauti bila kugeuka. "Si mlisema sisi ni wapagazi? Nabeba!"

Jukwaa zima liliangua kicheko. Mama mmoja muuza karanga alipiga vigelegele. "Mfuate, Mgogo! Mtani kachukua, huna kesi!" Mpiga kengele aliacha kengele akacheka mpaka akashika nguzo. Elieza aliitazama treni, akawatazama watu. Kumkasirikia mtani mbele za watu ilikuwa aibu ambayo isingemwacha hata Manyoni. Alimfuata, tai imemkaa upande.

Walianza kuchimba saa nane. Bi Zeyana alikaa kwenye kiti mlangoni akisoma taratibu, tasbihi mkononi, macho chini. Elieza alivua koti akachimba chini ya ukuta, kwa nje, na Bernadeta aliondoa udongo kwa karai. Mama Apolinaria alikuwa ndani, upande wa pili wa ukuta ule ule, na kila sururu iliposhuka walimsikia akiguna.

Mifupa ilikuwa kwenye kina cha kiuno. Ilikuwa imekaa, magoti yameinuliwa. Taya lilikuwa wazi na limejaa udongo.

Elieza alitupa sururu. "Siwezi."

"Tukana," Bernadeta alisema.

"Mdomo umenikauka."

"Jumamosi ile ulipanda benchi mwenyewe. Tukana!"

Elieza alijifuta uso. Alianza kwa sauti ndogo. Alisema mpagazi huyu alikuwa mvivu. Alisema alikuwa na miguu kama ya korongo. Ndani ya nyumba ile sauti ya kukwangua ilianza, kra, kra, na harufu ya ng'ombe anayechomwa ikapanda kutoka shimoni, nzito, mpaka Bi Zeyana akakohoa na kuacha kusoma.

"Paza sauti," Bernadeta alisema.

Na Elieza akapaza, kwa kuwa aliogopa zaidi kunyamaza kuliko kusema, akamwambia mfu kwamba ni mwizi wa shanga, kwamba alibeba jino moja la tembo akadai malipo ya mawili, kwamba alipita Ugogo akanywa kisima kizima na kuacha hongo ya kifungo kimoja cha shati, na kwamba hata kufa kulimshinda akakaa kitako kama mtu anayengoja uji, na alivyozidi kutukana ndivyo sauti ya kukwangua ilivyozidi kupungua, ikawa ya hapa na pale, na kutoka upande wa pili wa ukuta, kwa kinywa cha mwanamke mgonjwa, yule mwanamume akacheka, kicheko cha kweli, cha mtu ambaye hajachekeshwa kwa miaka themanini au tisini, akasema, "Mgogo! Kifungo chenyewe kilikuwa cha kuokota!"

Elieza naye alicheka. Alitandaza shuka mpya aliyoitoa sandukuni, akaanza kuiweka mifupa juu yake. "Ulikunywa maji yetu bure, mwizi wewe."

"Maji yenu yalikuwa na mkojo wa ng'ombe."

"Ndiyo maana yalikunenepesha!"

Bernadeta alisimama ukingoni, karai mkononi. Alitaka liishe. Lakini kicheko kile kilimchoma, wawili wale wakitaniana kama marafiki wa benchini, mama yake yu hali ile, na maneno yakamtoka bila kuyapanga.

"Na baba yangu?" alisema kuelekea ukutani. "Walaji walikuwa mia mbili. Baba yangu hakuwa mmojawapo. Hakuwa amezaliwa! Hao mia mbili uliwaacha wakafika pwani, wakarudi, wakazeeka, ukamla Sylvester aliyekuuzia nini? Unacheka nini?"

Kicheko kilikoma. Udongo wa ukingo ulianza kuporomoka wenyewe, kidogo kidogo. Ilipokuja, sauti haikuwa na mzaha.

"Walikula mbele yangu," ilisema. "Hakuna hata mmoja aliyeniambia, chukua la kwangu. Hata mmoja. Nani atanipa fungu langu?"

Elieza alikuwa amekwisha kufunga shuka. Kazi iliyobaki ilikuwa kumlaza kaburini. Alikuwa amelewa ule ulimi wake uliomrudia, na hofu ilikuwa imeanza kumtoka, akajibu upesi kama alivyojibu kilabuni kila Jumamosi.

"Chukua langu, mroho we! Mimi Mgogo, njaa nimeizoea!"

Bernadeta alifungua kinywa. Maneno yalikuwa mawili. Yalikuwa tayari kwenye ulimi. Bi Zeyana aligeuza uso kumtazama, kwa kuwa naye alijua.

Alimwona Elieza juu ya benchi na gazeti lake. Alimwona baba yake ambaye hakumwona akizikwa. Kwa ndani mama yake aliguna mara moja, kama mtoto.

Alifunga kinywa.

"Nimepokea," sauti ilisema.

Harufu ilikatika kama kifuniko kimewekwa juu ya chungu. Hapakuwa na sauti tena, isipokuwa ya baiskeli iliyokuwa inapita barabarani. Elieza alikuwa bado anatabasamu, akamtazama Bernadeta juu, akangoja, na taratibu tabasamu lilimtoka.

"Mbona hukusema?"

"Sikuwahi," Bernadeta alisema.

Walimhamishia mpagazi makaburini jioni hiyo hiyo, wakamlaza chali. Mama Apolinaria alilala siku mbili. Siku ya tatu aliomba uji wa mtama, akanywa nusu kikombe, akakirudisha.

"Nimeshiba," alisema.

Kwa neno hilo Bernadeta alikwenda uani akalia mpaka kanga ikalowa.

Kilabu kilifunguliwa tena mwezi wa kumi na mbili. Ukuta ulibomolewa, ukajengwa wa matofali. Mama Apolinaria alirudia mwili wake na kicheko chake. Alisema sasa wangeweza hata kuuza supu, hakuna wa kuwazuia, lakini wateja walikataa. Walikuwa wamezoea kunde.

Elieza alikaa Manyoni miezi miwili. Aliporudi walinzi wa stesheni walimwomba kitambulisho. Suti ile ya Jumapili ilimzunguka mara mbili. Kwa siku ya tatu mfululizo alikuja kilabuni saa kumi kamili, hakusalimia kwa mzaha, akakaa kwenye benchi la pembeni. Bernadeta alimwekea sahani. Alikula. Alimwekea ya pili, na ya tatu. Alikula bila kuinua macho, upesi, kama mtu aliyepewa dakika chache, na kila tonge lilionekana likishuka kooni, maana shingo ilikuwa nyembamba kiasi hicho.

Baada ya ya nne alimshika upindo wa kanga.

"Sema sasa, dada," alinong'ona. "Pengine atasikia. Maneno mawili tu."

Alikuwa amemwomba hivyo jana na juzi pia. Bernadeta alitazama jikoni. Mama yake alikuwa amesimama mlangoni na mwiko, mikono minene imejaa unga, anamcheka mwalimu aliyemwaga wanzuki. Fungu likirudishwa na huyu, litadaiwa kwa nani? Alijiuliza hivyo kila siku, na kila siku jibu lilikuwa limesimama pale mlangoni. Hilo ndilo alilojiambia. Lakini chini ya hilo lilikuwapo lile jingine, la gazeti lenye mafuta na watu wakicheka, na lilikuwa bado lina moto.

"Huyo Mgogo ana njaa ya kwao!" Mama Apolinaria alisema kwa sauti, na kilabu kizima kikacheka. "Deta, usimwache hivyo. Mwongezee!"

Bernadeta alivuta kanga yake taratibu kutoka mkononi mwake, akaichukua sahani, akaenda kupakua.